Kucha Nyekundu za Manju Malongo

Mungu hakumnyima Malongo kila kitu. Alimnyima kimo, akamnyima na sura, na hata mkewe Nyamizi hakulibishia hilo. Lakini vidole alimpa. Vilikuwa virefu, vimenyooka, na Malongo alivipenda waziwazi bila kumwonea mtu haya. Kila Jumamosi alikaa mlangoni pa nyumba yake pale Nyantakara, akazipaka kucha zake rangi nyekundu, akazipuliza mpaka zikauke. Ukimwuliza sababu, alikuwa na jibu moja tu: "Zinapendeza."

Rangi yenyewe ilitoka Burundi kwa njia za panya, kupitia kwa mchuuzi mmoja wa Keza. Duka la kijiji halikuwa na sabuni, wala chumvi, wala betri za redio, lakini nyumbani kwa Malongo rangi ya kucha haikukosekana. Hilo nalo liliwakera watu.

Usimdhanie mvivu. Malongo alikuwa manju, yaani kiongozi wa nyimbo za kulima. Alihama Shinyanga na ngoma yake ya jembe, bugobogobo, na katika shamba la ujamaa yeye ndiye aliyesimama mbele ya mstari. Akitoa wimbo, akarusha jembe juu na kulidaka, kijiji kizima kiliinama kwa pamoja. Akinyamaza, kila mtu alikumbuka kwamba mgongo unamuuma.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Modestus, alikuwa mtu wa semina. Kila aliporudi semina Biharamulo alirudi na adui mpya. Mara mirija ya wanyonyaji, mara kupe wanaoishi kwa jasho la wenzao, mara nywele za bandia, ingawa Nyantakara hakuna aliyewahi kuziona nywele hizo hata kwenye picha. Mwaka ule wa 1978 alirudi na uvivu. Na kwa kuwa mvivu hana alama usoni, alibuni kipimo chake mwenyewe: kila jioni, kazi ya shamba la ujamaa ikiisha, watu wapite mbele yake wakionyesha vidole. Mwenye udongo ndani ya kucha ni mjamaa. Mwenye kucha safi ni kupe.

Yeye alikagua akiwa ameketi, akiwaelekeza watu kwa kucha ya kidole chake cha mwisho, aliyoifuga mpaka ikafaa kuchokolea masikio. Ilikuwa safi, inang'aa. Hakuna aliyeuliza.

Watu nao si wajinga. Juma halijaisha, walikwisha kugundua kwamba kuchafua kucha ni rahisi kuliko kulima. Wakawa wanakuja saa ya ukaguzi, wanachovya vidole kwenye tope kando ya shamba, wanapita. Wenye ujuzi zaidi walitumia udongo wa kichuguu, maana unashika. Balozi wa nyumba kumi, Bizimana, alikuja na viatu vyake vya kanisani, akachovya, akasifiwa mbele ya watu kwa moyo wake wa kujitolea.

Waliobaki kulima ni Malongo, Nyamizi na vikongwe wachache. Na Malongo, kabla ya ukaguzi, alinawa, kwa sababu hakuvumilia kuona tope juu ya rangi yake.

"Sioni udongo," Modestus alisema. "Naona rangi za mabeberu."

"Ndugu Mwenyekiti, tazama shamba basi, usitazame vidole."

"Shamba haliji kwenye ukaguzi."

Mwisho likatoka tamko. Jumamosi, mbele ya mkutano, Malongo aje na kucha za kiume au aondoke kijijini. Aiache nyumba, auache muhogo uliokuwa unakaribia kukomaa. Arudi Shinyanga, ambako shamba la babake lilikwisha kumezwa na kijiji kingine cha ujamaa. Kwa kifupi, arudi kwao wakati kwao hakupo tena.

Malongo aliogopa, tusidanganyane. Nyamizi aliogopa zaidi.

"Ziparue tu, mume wangu," alimsihi. "Au chovya kama wenzako. Udongo unanawika."

"Nichafue mkono uliolima ili nionekane nimelima?"

"Ndiyo! Ndivyo tunavyoishi hapa!"

Malongo akachukua wembe, akaparua rangi ya dole gumba la kushoto. Lilipobaki tupu alilitazama, na uchungu uliomshika haukuwa wa kucha. Aliona kwamba akimpa Modestus dole gumba, kesho ataombwa mkono. Akatupa wembe, akalipaka upya, tena mara mbili.

Jumamosi watu walijaa. Modestus alikuwa katikati ya hotuba lilipoingia lori la jeshi. Vita vilikuwa vimeanza, Amin yuko Kagera, na sajini aliyeshuka alitaka wanaume wa kuchimba mahandaki.

"Umefika mahali penyewe, afande!" Modestus alichangamka. "Kijiji changu hakina mvivu, ila mmoja, na huyo tunamfukuza sasa hivi. Wajamaa, wangapi wanakubali afukuzwe? Nyoosheni mikono, afande aione!"

Mikono ikapanda, myeusi kwa udongo wa kichuguu. Nyamizi peke yake hakunyoosha.

Sajini akapita mbele ya watu. Sijui alizaliwa wapi, lakini kwao bila shaka walilima, maana hakuangalia kucha hata moja. Alikishika kila kiganja, akakibonyeza katikati. Cha kwanza laini. Cha pili laini. Cha Bizimana laini kama ugali wa muhogo. Wote akawaruka. Wa nyuma wakaanza kukohoa na kushika viuno. Modestus akatia mikono mfukoni.

Akafika kwa Malongo, akabonyeza, akakuta sugu. Ndipo akazitazama zile kucha, kwa muda mrefu.

"Hii nini?"

"Rangi, afande."

"Inazuia kuchimba?"

"Hapana, afande."

"Panda lori."

Hapo ungewaona watu wa Nyantakara! Wale wale walionyoosha mikono afukuzwe walipiga makofi mpaka vumbi la kichuguu likawaruka vidoleni. Wakaimba. Modestus akatoa hotuba nyingine palepale, akamwita Malongo shujaa, tunda la malezi bora ya kijiji. Nyamizi alikimbia na sweta, akamrushia, analia kwa sauti wala hajali nani anamtazama. Malongo alilidaka. Alitaka kufurahi kwamba hakushindwa, akajaribu, akashindwa. Alikuwa amefukuzwa vilevile, ila safari hii kwa makofi.

Jumatatu Modestus alipiga kengele ya shamba la ujamaa. Kwa hofu kwamba lori likirudi wataitwa wavivu, watu wote walitokea mapema, majembe mabegani. Wakajipanga mstari. Jua likapanda, na kila mmoja akawa anamtazama mwenzake.

"Anzeni basi!" Modestus alifoka. "Mnangoja nini?"

"Mwenyekiti," alisema Nyamizi, "anayeanzaga umempandisha lori."

Akaliweka jembe lake begani, akaenda kulima muhogo wake.