Wasifu wa Felista umeificha pombe yake

Mpaka sasa hivi siamini kwamba dada Felista hayupo. Jana tumemzika hapa Mtanda, leo nimeamka na hasira, na kwa kuwa kipaza sauti nilinyang'anywa, nitasemea humu mtandaoni.

Wasifu aliousoma mwanawe mkubwa ulikuwa kurasa mbili nzima. Alizaliwa Newala, akafanya kazi Dar, akahamia kijijini kwetu karibu na Rutamba enzi za ujamaa, akalima korosho, akampenda Mungu. Basi. Neno pombe halikutajwa hata mara moja.

Majirani tulipopewa nafasi nikasimama. Nikasema, "Marehemu alikuwa fundi wa pombe." MC akaja mbio kama naungua moto. "Mzee wangu, ratiba imetubana." Kabla yangu kuna bwana alieleza safari yake ya kuja msibani, kituo kwa kituo, na hakuna aliyemgusa.

Wanangu, ninyi watoto wa Felista, mnasoma humu, najua. Mnamwonea mama yenu aibu ya nini?

Msiomjua nawaambia. Alikuwa mfagiaji wa stoo kwenye kiwanda kimoja cha bia. Kazi ilipoisha akaja kwetu na madebe matatu ya hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayotiwa kwenye bia. Supavaiza wake alimruhusu kuchukua yaliyomwagika sakafuni, naye akayatenga, kila aina na debe lake.

Kijijini hakuna aliyewahi kuyaona. Mama yangu alidhani ni dawa ya tumbo.

Na Felista akayapika kama dawa. Kiwandani alikuwa anafagia tu, upishi wenyewe hakuwahi kuuona, kwa hiyo akafanya tunavyofanya sote na majani: akayachemsha na maji ya kimea cha mtama toka asubuhi mpaka adhuhuri. Ikatoka pombe chungu kama shubiri. Mzee mmoja alitema, akauliza kama tumemtilia mwarobaini kwa kumkomoa.

Alinuna wiki nzima. Halafu akaniita. "Saidi, ile harufu yote imeondoka na mvuke. Tumeipika mpaka imekufa."

Mara ya pili alitia kidogo tu wakati wa kuchemsha, kwa ajili ya uchungu. Alipoliipua sufuria ndipo akatupia konzi nzima, akafunika. Alipofunua nilisikia harufu ya chungwa linalomenywa, na wala hapakuwa na chungwa lolote.

Jirani akamwambia, "Si utie machungwa tu, yamejaa huko mashambani?" Akamjibu, "Chungwa litanichachishia pombe. Mimi nataka harufu, sitaki siki."

Mimi ni Mwislamu, pombe sijawahi kuionja. Ndiyo maana alinichagua mimi. Alisema wanywaji wote pua zao zimeshachoka. Alikwenda kabisa kumwomba ruhusa mama yangu, na mama akasema, "Kunusa anuse. Akionja, alale huko huko kwako."

Basi nilikuwa nafumba macho, yeye anasugua maua viganjani na kunisogezea. Debe la kwanza lilinuka nyasi mbichi. La pili pilipili manga. La tatu ganda la chungwa, na kwa nyuma ndimu. Mwezi mmoja alilisahau juani, likaanza kunuka soksi, akaimwaga yote ile nusu iliyoharibika huku analia. Hakukubali kumpa mtu pombe ya hopsi mbovu.

Huyo ndiye mtu mliyemwita mkulima wa korosho.

Sasa niseme kilichonitoa usingizini.

Wageni walikuja kukagua kijiji, wakubwa kutoka mkoani. Mwenyekiti wetu akaagiza mtungi kwa Felista. Wageni wakanywa, wakashangaa, wakauliza nani fundi wa kitu hiki. Mwenyekiti akajibu, "Ni kazi ya kijiji, ndugu. Hapa kwetu hakuna cha mtu mmoja."

Felista alikuwa amesimama pale pale na kata mkononi. Hakuna aliyemgeukia.

Shamba la ujamaa lilikuwa letu sote, sikatai. Nililima lile shamba kwa moyo na nisingependa mtu aje kulicheka leo. Lakini yale madebe hayakubebwa na kijiji kutoka Dar. Pombe ilipoharibika, kijiji hakikununa wiki nzima.

Karani wa kijiji nilikuwa mimi. Mwenyekiti alinitajia maneno na mimi nikayaandika kwenye taarifa: pombe ya mtama, iliyotengenezwa na wanakijiji kwa pamoja. Nilijua ni uongo. Viganja vyake nilikuwa nimevinusa juzi yake.

Kesho yake akaja ofisini kuomba aione hiyo taarifa. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari, mpaka mwisho. Akanirudishia.

"Una mwandiko mzuri, Saidi."

Hakuniita tena kunusa. Tumesalimiana miaka yote hii, amekula harusi ya binti yangu, amenizikia mama yangu. Habari ya hopsi hakuigusa tena mbele yangu, na mimi sikuthubutu kuianza.

Kwa hiyo wanae nawasema bure. Wao wamelificha jina lake jana. Mimi nililificha kwanza, tena kwa wino, akiwa hai na ananitazama. Jana nilisimama ili niombe msamaha mbele za watu, na nilichagua siku ambayo hawezi kunijibu.

Dada Felista, pombe ile ilikuwa yako, peke yako. Niliandika uongo. Lala salama, fundi.