Mke Wangu ni Mwenyekiti, Mimi Sina Kundi

Admin, nifiche jina, Masasi ni ndogo. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, fundi baiskeli hapa Lisekese. Nimejiajiri tangu enzi ambazo kujiajiri kuliitwa kukosa kazi.

Mke wangu na wenzake wanabangua korosho uani kwetu. Zamani moshi wao uliitwa kero, mwaka huu unaitwa kikundi. Halmashauri imewakopesha mashine, na mwenyekiti ni mke wangu. Sasa vijana wananiamkia, "Shikamoo, mume wa Mwenyekiti." Naitikia marahaba, ila haishuki.

Kwenye mkutano wa kijiji afisa maendeleo aliomba waliojiajiri wasimame. Nikasimama na grisi yangu mikononi. Dada yule akaniuliza kwa adabu, "Baba, mikopo hii ni ya akina mama, vijana na wenye ulemavu. Wewe uko kundi gani?" Kabla sijajibu, mtu akapaza sauti nyuma: "La wenye wivu!" Watu wakaangua kicheko. Hayo ningesamehe. Lakini nilipogeuka nilimwona mke wangu kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Juzi akaniletea chai. Nikajua kuna jambo, maana ilikuwa na maziwa.

"Baba Neema, wenzangu wamenituma. Tunaomba kibanda chako tuweke mashine, kina umeme. Na wewe utakuwa fundi wetu, tutakulipa."

"Fundi wenu?"

"Sasa wa nani? Baiskeli zenyewe ziko wapi? Watu wote bodaboda."

"Nikikataa?"

"Yupo yule kijana wa Kitangari. Yuko tayari."

Huyo kijana namjua. Akimwita mke wangu "Mwenyekitiii", anaivuta kama analamba asali.

Jumapili wanataka jibu. Nikikubali, nitaajiriwa na mke wangu ndani ya kibanda nilichokijenga mwenyewe. Nikikataa, nitabaki na spoki zangu nikisikiliza kijana wa watu akisifiwa uani kwangu. Na kibaya zaidi, mashine yenyewe nimeichungulia. Mnyororo umelegea, mikono inaniwasha.

Jamani, wenye ndoa na wenye busara, nipeni neno kabla ya Jumapili: niingie au nikaze? Ila matusi mpunguze. Mwenyekiti naye anausoma ukurasa huu.