Ijumaa ya Masomo Yaliyoanguka

Sogeeni karibu, niwape habari za Émérance, mwalimu wa gimu, somo la michezo, hapa Kasongo.

Mwalimu wa gimu ni mpweke, ndugu zangu. Shule nzima yeye peke yake, na mpira mmoja uliokwisha pumzi. Ndiyo maana Émérance alifungua kikundi cha WhatsApp, akawakusanya wenzake wa Kasongo na Kabambare. Akaweka desturi: kila Ijumaa, mwenye somo lililoanguka alete video yake, wenzake wamsaidie kulisimamisha.

"Kinachoanguka humu kinabaki humu," aliandika. "Nawapa neno langu."

Wa kwanza kuthubutu alikuwa Dady wa Lusangi. Alifundisha mbio za kupokezana, watoto wakipeana gunzi la muhindi. Timu mbili zikagongana, wote chini, na Dady naye chini, filimbi mdomoni. Wenzake walicheka, kisha wakamwelekeza: chora njia kwa majivu, kila timu na yake. Wiki iliyofuata Dady alileta video ya pili: watoto walikimbia vizuri, ungependa kuwaona.

Kikundi kikakua. Émérance akamwomba Hervé wa Salamabila wakiongoze pamoja. Alimwona kama mdogo wake. Émérance ndiye aliyemfundisha kushika darasa.

Siku moja Dady akampigia simu Émérance, anayemwita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, inspekta wa shule ameniita. Yeye iko na video yangu."

"Ipi?"

"Ile ya kuanguka. Ile ya kusimama hana."

Waliokuwa na video ile ni wanakikundi tu, na aliyekuwa akienda kwa inspekta kila mara ni mmoja. Émérance akampigia Hervé.

"Ni wewe?"

"Yaya, usikasirike. Wanatafuta mukufunzi wa walimu. Nilitaka inspekta aone namna mutu anaanza chini, mimi namuinua."

"Wewe ndiye ulimuinua?"

"Si ni sisi wote?"

"Basi ungemuonyesha ya pili."

"Ya pili haina kazi, Yaya. Akiona wanakimbia vizuri, mukufunzi wa nini?"

Jioni ile Émérance alimwondoa Hervé kwenye uongozi, akawaomba wote msamaha, Dady kwanza. Wakamjibu kwa upole: si kosa lako, mama.

Ijumaa ikafika. Video zikaingia nyingi kuliko siku zote: watoto kwenye mistari iliyonyooka, filimbi, makofi. Dady naye alileta yake. Hakuna mtoto aliyemgusa mwenzake.

Émérance alizitazama zote hadi mwisho.

"Leo hakuna lililoanguka?" aliandika.

"Hakuna, Yaya," Dady akajibu. "Huku yote iko vizuri."