Mabuti ya Mguu Wangu

Sijawahi kuvaa kiatu kilichonunuliwa kwa mguu wa mtu mwingine, na sitavaa. Nasema hivi kwa sababu nimezaliwa Hasamba, huku Mbozi, enzi za Mwingereza, wakati kiatu hakikuwa cha mtu. Kilikuwa cha nyumba. Boma zima lilikuwa na jozi moja, imening'inizwa juu ya jiko ili panya wasiitafune, nayo ilinunuliwa kubwa makusudi, ili mwanamume mwenye mguu mkubwa kuliko wote aweze kuingia. Wengine walijaza matambara mbele. Ukiitwa barazani kwa chifu, au ukienda kanisani kufunga ndoa, unaazima, unaburuta, unarudisha. Hakuna aliyeona ajabu.

Baba yangu alikuwa saisi, mtunza farasi kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, na mimi nilikulia zizini mwake. Nikaolewa jirani tu. Mume wangu, kama wanaume wengi wa Mbozi miaka ile ya baada ya vita kuu ya pili, akavuka mpaka kwenda migodini Rodesia ya Kaskazini, akaniacha kwa baba yake. Kisha mgongo wa baba yangu ukagoma. Mzungu akajaribu wanaume wawili, na farasi wake jike wa kijivu akawang'ata wote wawili. Nikaenda mwenyewe, nikamshika hatamu, akatulia. Mzungu alikuna kidevu kwa muda mrefu, halafu akasema nianze kesho.

Watu walisema sana. Mwanamke juu ya farasi, miguu huku na huku. Niliwaacha waseme, midomo ni yao. Kule juu nilikuwa nauona uwanda wote mpaka upande wa Tunduma, na hakukuwa na mtu wa kunituma maji. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, asubuhi ilikuwa yangu.

Shida ilikuwa mvua. Mvua za Mbozi zikianza, uwanja wa zizi unageuka uji wa tope na samadi. Vidole vyangu viliota ukungu, funza wakajichimbia, na kwato za farasi hazikujali vidole vya nani viko chini. Mbaya zaidi ni kikuku, kile chuma cha kukanyagia ukiwa juu ya farasi. Mguu mtupu wenye tope huteleza ukapita wote, na farasi akishtuka anakuburuta kama gunia. Mzungu akanikanya kwamba asinione tena juu ya farasi bila kiatu cha maana, la sivyo nikachume kahawa na wenzangu. Mimi kurudi kuchuma kahawa! Nilikwenda kumuaga baba mkwe siku hiyohiyo.

Nilipiga magoti mbali naye, nikainamisha uso kama inavyompasa mkamwana, nikasema naenda Tunduma kununua mabuti. Akafikiri, kisha akasema, "Vizuri. Nunua makubwa, mguu wa shemeji yako uingie. Viatu vya nyumba vimechakaa."

Nikajibu, "Ndiyo, baba." Mkamwana habishani na mkwe. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakataa, na niliendelea kukataa njia nzima juu ya lori la kahawa.

Tunduma kulikuwa na duka lililouza mabaki ya jeshi pamoja na bidhaa za ng'ambo ya mpaka. Mwenye duka akanitupia jicho, akaniuliza mume wangu yuko wapi aje kupima. Nikamwambia mume wangu hana miguu yangu. Akanionyesha gambuti za mpira. Nilizitazama kwa haki kabisa: maji hayaingii, tope linaoshwa kwa ndoo moja. Kwa zizi tu ningechukua. Lakini soli yake pana, na kisigino ni jina tu, kwa hiyo itanasa kwenye kikuku au itapita yote. Na tope zito linakuvua gambuti, unabaki umesimama mguu mmoja kama korongo. Nikamrudishia.

Juu kabisa kulikuwa na jozi mbili za mabuti marefu ya ngozi, ya kuvuta, hayana kamba wala tundu la kamba. Jozi moja iling'aa mpaka unajiona. Nyingine imefubaa. Zote zilikuwa na kisigino cha haki cha kushika kikuku, na zote zilinikaa. Mwenye duka alisifu zile za kung'aa. Nikaomba beseni la maji na unga.

Hii nilifundishwa na baba. Unatia konzi ya unga mkavu ndani ya buti, unalisimamisha majini, unakaa. Pakivuja, unga unakuonyesha mahali penyewe, umekuwa ugali. Mwenye duka alianza kufoka, nikamtuliza kwamba sitoki humu bila jozi moja, avumilie. Nikakaa kizingitini nikitafuna karanga. Wanawake wa sokoni, wengine wamevuka mpaka na mikungu yao ya ndizi, wakaja kuona kulikoni. Tulipoyamimina, yale ya kung'aa yalikuwa yamekanda unga kwenye mshono wote wa soli. Unga wa yale yaliyofubaa ulipeperuka. Nikayavaa palepale, yakanishika kisigino vizuri, nikacheka kwa sauti.

Nyumbani niliyapaka mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki, mshono kwa mshono. Baba mkwe aliyatazama kwa mbali. "Hivi viatu vya nyumba ni vidogo," akasema. Mwezi mzima nilipanda farasi katika mvua, nikirudi na soksi kavu, na yeye aliendelea kuyaita viatu vya nyumba.

Kisha Jumamosi moja, nilipokuwa mtoni kufua, shemeji akayatungua juu ya jiko, nilikoyaning'iniza panya wasiyafikie, akaenda nayo harusini Chapwa. Baba mkwe ndiye aliyempa ruhusa. Jumatatu nilifika zizini miguu mitupu. Mzungu alitazama miguu, hakutazama uso. Akaniambia nikija hivyo tena kesho, nipitilize kwenye mibuni.

Nilirudi nyumbani na hasira. Jioni shemeji akashuka kwenye lori, akichechemea, anashika ukuta. Alikuwa ameyavaa kwa nguvu, akacheza ngoma siku mbili, miguu ikavimba ndani, na sasa mabuti yalikataa kutoka. Alivuta, akavutwa na rafiki zake, akalia machozi. Watu wakajaa uani kwenye tope.

Baba mkwe akasema, "Leteni kisu. Tuyapasue."

Nilisimama. Sikupiga magoti, na nilimtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niletwe pale. "Baba, mabuti hayapasuliwi. Yakipasuliwa, kesho mimi sina kazi. Masaisi wana namna yao ya kuyavua."

Nikaeleza. Mvutaji anampa kisogo aliyevaa, anapitisha mguu wenye buti katikati ya magoti yake, anashika kisigino. Aliyevaa anamkanyaga makalioni kwa mguu wa pili na kusukuma. Wote wakanigeukia, kwa kuwa saisi pale nilikuwa mimi. Nikasema shemeji yangu hawezi kunikanyaga huko, na rafiki zake wameshashindwa kuvuta. "Aliyempa ruhusa ya kuyavaa ndiye avute."

Yule mzee alinikazia macho, nami sikuyakwepa. Kisha akavua koti lake, akampa mtu ashike, akageuka, akainama. Mwanawe akamkanyaga na kusukuma. La kwanza likatoka kwa kishindo. La pili likatoka pamoja na mzee mwenyewe, akaanguka kifudifudi kwenye tope na buti kifuani. Hakuna aliyethubutu kucheka, hata mimi.

Aliinuka polepole. Alipangusa mabuti yote mawili kwa kanzu yake kabla hajapangusa uso wake. Kisha akanijia, mkwe na mkamwana ambao hawakupaswa hata kukaribiana, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Chukua viatu vyako," akasema.

Niliyapokea, nikaingiza mkono ndani kukagua mshono. Palikuwa pakavu. Nikayavaa mbele yao wote, nikaenda kuteka maji ya farasi.