Waliyaita Jasho

Kabla sijaona chochote nilisikia chuma. Ngang. Kisha mpira ukidunda kwenye udongo mgumu, kimya kidogo, halafu tena, ngang. Ua wa michongoma wa shule ile ya msingi ya Mikumi, ambako timu yetu ya netiboli ilikuwa imepiga kambi, ulikuwa mrefu kuliko mimi na umeshonana, huoni ndani hata ukiinama. Mama alisimama nyuma yangu, mtoto wa dada yangu mgongoni, vumbi la basi la alfajiri kutoka Kilosa bado limemganda kwenye nyusi.

"Ni yeye huyo?" akauliza.

Nikasema hapana. Nilikuwa nikisikiliza mpira wa dada. Nyumbani alikuwa na pete ya chuma aliyochomelewa na fundi baiskeli, imepigiliwa kwenye nguzo nyuma ya jiko, haina wavu, na akirusha yeye pete huisikii. Unasikia mpira umeanguka chini upande wa pili, mzito, kama papai lililoiva. Kugonga chuma ilikuwa kazi yetu sisi wengine.

Ngang.

Lakini alikuwa yeye. Niliisikia sauti yake ikisema "nipe tena," na mtoto mgongoni kwa mama akaisikia pia. Akaacha kunyonya ngumi yake. Akageuza kichwa kwenye michongoma na kuanza kulia.

Getini tulimkuta mlezi wa timu, mama mtu mzima mwenye ufunguo kwenye kamba shingoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri tu, akauliza habari za Kilosa, habari za mvua. Mama akamwambia amemleta mjukuu anyonye.

"Kambi imefungwa, dada'angu," akasema mlezi. "Mwenyekiti hataki mtu aingie wala atoke mpaka mechi ya kesho iishe."

"Kocha alikuja nyumbani kwangu. Akala wali wangu. Akasema mtoto atakuja, atatafutiwa kona."

"Kocha ndiye aliyesema. Mwenyekiti ndiye aliyefuta."

"Na wewe umezaa?"

Mlezi akaushika ufunguo kama mtu anayeogopa utaruka. "Nimezaa."

"Basi fungua."

"Usinitie matatani, dada'angu."

Najua kwa nini kambi hufungwa. Hufungwa ili wachezaji wasitoroke usiku, wanaume wasiingie, na chakula kisiguswe na mkono usiojulikana. Kwa mambo hayo yote walikuwa wamemfungia nje mtoto wa miezi mitano asiyejua bado kukaa, ambaye nyumbani alikuwa amekataa kikombe, amekataa kijiko, amekataa uji mwepesi, na usiku alikuwa akitafuta ziwa kwenye bega la bibi yake mpaka bega likawa jekundu.

Nilizunguka ua hadi upande wa vyoo. Dada alikuja upande wa ndani. Tuliongea bila kuonana, kupitia miiba.

"Yupo?"

"Yupo. Kazuiwa getini."

"Msimlete karibu na mimi, basi. Akilia yanatoka. Nakamulia kwenye kikombe huku chooni, namwaga. Jana nimeamka na homa. Yamekuwa mawe, mdogo wangu. Nikiinua mikono naona nyota."

"Umemwambia kocha?"

"Nianzeje? Nikisema neno kifua tu, anaangalia viatu vyake. Anaona aibu kuliko mimi."

Nilimwambia tuondoke, twende nyumbani. Sote wawili tulijua kilichokuwa mezani. Mechi zilikuwa mbili, ile ya siku hiyo na ya kesho yake, na timu itakayoshinda kwa jumla ingekwenda Morogoro. Huko ndiko watu wa timu zenye ajira huja kuangalia wafungaji. Dada alikuwa ameisubiri Morogoro tangu akiwa shule, akaikosa mwaka hadi mwaka kwa sababu za kipuuzi. Safari ya mwisho aliikosa kwa sababu alikuwa mjamzito, na wakamwambia timu ina vijana wengi.

"Nitajifunga kitambaa," akasema. "Ni leo na kesho tu."

Uwanja ulikuwa wa wazi, kando ya barabara kuu, malori ya Iringa yakipunguza mwendo ili madereva watazame mapaja. Jua la saa nane lilikuwa halina huruma. Mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye filimbi asiyoipuliza, alinikuta nimeshika simu.

"Wewe ndiye mdogo wake, yule mwandishi? Simu yako inaonekana nzuri. Turekodie mechi. Tuna mtaalamu wa kuchambua."

Nilirekodi. Nilidhani namsaidia dada, kwamba siku moja atamwonyesha mtu picha hizo. Mama alisimama nyuma yangu na mtoto aliyelala, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimoja tu, cha turubai la meza ya waamuzi.

Robo mbili za kwanza dada alicheza. Alikuwa amejikaza kifua kwa kipande cha kanga, chini ya jezi ya bluu iliyopauka, na alirusha kwa viganja zaidi kuliko mikono, chini chini, lakini mpira ulipita. Wakati wa mapumziko mama alimwendea, mtoto akiwa ameshaamka. Mwenyekiti akanyoosha mkono katikati yao, kama anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Bibi, mapumziko ni ya maelekezo."

Na mtoto alikuwa amemwona mama yake. Hicho ndicho nisichoweza kuwasamehe. Alikuwa amemwona, kwa hatua chache, akanyoosha mikono yote miwili, na wakamgeuza bibi yake kwa bega.

Alilia robo ya tatu yote. Katika kioo cha simu yangu nilimwona dada akipokea pasi nzuri, peke yake, chini ya pete, goli ambalo angelifunga akiwa amesinzia. Kilio kikapanda nyuma yangu. Dada akafumba macho kidogo. Ngang. Na pasi iliyofuata, ngang. Nikaona doa jeusi likianza kwenye jezi yake upande wa kushoto, halafu la kulia, yakashuka, yakakutana. Alianza kuinamisha mabega. Alianza kudaka mpira mbali na mwili wake kama mtu anayepokea sufuria ya moto. Tulishindwa.

Jioni mwenyekiti akanifungulia geti mwenyewe. Alitaka simu. Simu yangu iliruhusiwa kuingia kambini. Mtoto hapana.

Kikao cha tathmini kilifanyika darasani, wachezaji wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mtaalamu alikuwa kijana mpole aliyesomea michezo chuoni, na ninajilazimisha kumtendea haki, maana ndiye pekee aliyeonekana kutaka kujua. Aliunganisha simu yangu na kompyuta yake kwa waya, na kompyuta na projekta iliyoelekezwa ukutani. Alisema kiwango cha mchezaji hakishuki bila sababu, na kazi yetu si kulaumu bali kutafuta. Alitaja usingizi, chakula, maji, jua, viatu, hofu, hata ugomvi wa nyumbani. Alisema vizuri. Nilikaribia kumpenda.

Akabonyeza. Darasa likajaa kilio cha mtoto.

Kilitoka kwenye spika kikiwa kikubwa kuliko kilivyokuwa uwanjani. Dada, kwenye dawati la mbele, akakunja mikono kifuani haraka.

"Punguza hizo kelele," akasema mwenyekiti. "Hatuelewani."

Kijana akapunguza. Akazima kabisa. Na bila sauti, robo ya tatu ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa mwanamke aliyesahau kazi yake ghafla, bila kisa, anayekosa na kukosa.

"Tazameni kiwiko," kijana akaanza. "Robo ya kwanza kiko juu, hapa kimeshuka. Hanyooshi mikono. Kuna kitu kinamzuia." Akamgeukia dada. "Ulilala vizuri, dada?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Dada akamtazama mlezi. Mlezi akatazama ubao, ambapo mwalimu alikuwa ameacha hesabu za mafungu.

"Joto," akasema dada.

"Maji unakunywa?"

"Nakunywa sana."

"Kuna mtu mmekosana naye?"

"Bado."

Wasichana wawili wakacheka kwa pua. Kijana akasogeza picha mbele, nyuma, akaisimamisha. Dada akabaki ukutani, mkubwa kama mlango, mabega ndani, jezi imelowa kuanzia kifuani hadi kiunoni.

"Hii ndiyo ninayotaka muione. Wenzake wamelowa mgongoni na kwapani. Yeye amelowa mbele, tena mapema. Jasho la namna hii linaonyesha mwili umeelemewa. Pumzi hakuna."

Nataka nieleweke hapa. Darasani mle mlikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Mlezi alikuwa amezaa. Mchezaji wa kati alikuwa amemwacha mtoto wake kwa mama mkwe, Dumila, na alikuwa akizikagua kucha zake kama amezipata leo. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Kila mmoja aliyajua yale madoa kama anavyoijua nyumba yake. Na tulikaa, na mimi nilikaa, tukimsikiliza kijana mwenye cheti akitueleza jasho.

Kocha msaidizi akajinyoosha. "Mwanamke akishazaa ni kama gari lililofunguliwa injini. Hata ulifunge vipi, mafuta yatavuja tu."

Walicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akajifuta macho.

Dada akasimama. Dawati likainuka naye kidogo, likaanguka.

"Si jasho hilo, kaka," akamwambia kijana, kwa upole. "Ni maziwa."

Kijana akageuka kutazama ukuta. Nilimwona akiona. Mkono wake ukaenda kwenye kompyuta kuiondoa ile picha, ukakosa kitufe, ukakosa tena, na dada akaendelea kuwa pale ukutani amelowa mbele ya watu wote.

"Haya ni mambo ya kike," akasema mwenyekiti. "Mtamalizana na mlezi. Tuendelee."

"Lakini mwenyekiti," kijana akasema, masikio yamemwiva, "kama sababu ndiyo hii, kwenye tathmini niandike nini?"

"Andika uchovu."

Akaandika. Niliyasikia maneno hayo mawili na nikayabeba hadi leo, na kila ninaposikia redioni wachambuzi wakisema mchezaji fulani wa kike kiwango chake kimeshuka, hana morali, mwili umekuwa mzito, naona kalamu ya kijana yule ikitii. Uchovu. Wangapi wamefukiwa chini ya neno hilo?

Dada alikuwa hajaketi.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba."

"Mtoto yuko na mama, kwa mama yangu mdogo hapo sokoni. Aletwe sasa hivi anyonye, alale na mimi kwenye kona. Hatamsumbua mtu. Kesho nitawafungia magoli mpaka mseme basi. Wewe unajua nafunga."

Mwenyekiti alijua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Alimtazama kwa muda, akihesabu kitu kichwani, na nilidhani hesabu itatoka upande wetu.

"Binti yangu, hii ni timu, si kliniki. Nikimruhusu mmoja, kesho wataniletea wote."

"Wote kina nani?" Dada akageuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Mchezaji wa kati akaficha kucha zake chini ya dawati. "Haya. Niko peke yangu."

"Chagua. Unabaki kwa utaratibu, au unakwenda. Ukienda, habari za Morogoro usiniulize tena."

"Mwanangu, vumilia, ni usiku mmoja tu," mlezi akasema, na sauti ilimkatika katikati.

"Na yeye nimwambie avumilie?"

Dada akavua kile kitambaa cha herufi ambacho wachezaji wa netiboli huvaa juu ya jezi. Kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, kinanuka maziwa yaliyochacha, na aliponyoosha mkono kukiweka mezani mbele ya mwenyekiti, yule bwana akarudisha kiti nyuma. Dada akauchukua mfuko wake chini ya dawati. Mimi nilikuwa nimeinama nahangaika kuuchomoa waya wa simu yangu, ukutani dada yangu akipepesuka na kupotea, huku yule wa kweli akipita kati ya madawati, ameinua kidevu, kifua kimelowa upya. Mpishi akampisha. Nje kulikuwa bado na mwanga, na lori likapita likatupa vumbi hadi ndani.

"Fungeni mlango," akasema mwenyekiti, akipunga mkono puani.

Mlezi akainuka. Aliusukuma taratibu, akishikilia kitasa kisilie, kama tunavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto.