Upindo wa Gauni la Mbinya

Nzioka alikuwa fundi cherehani wa Mbumbuni, na kwa miaka kumi na minne karibu kila msichana wa shule za pale alivaa gauni lililokatwa na mkono wake. Si kwamba alikuwa hodari kupita mafundi wote. Alikuwa karibu, hakuwa mlevi, na alijua jambo moja ambalo mafundi wa mjini hawakulijali: yunifomu hushonewa mtoto atakayekuwepo miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo kila gauni lake lilikuwa na upindo wa inchi nne kule chini. Ikifika Januari akina mama walimletea magauni, yeye akafumua upindo kwa wembe, akaushusha kidogo, akashona upya. Wasichana wakipanga mstari asubuhi uliweza kusoma umri wa kila gauni kwa mistari ya bluu iliyokolea, mahali ambapo jua halikuwahi kufika.

Aliongea kidogo, kwa sababu muda mwingi alikuwa na pini mdomoni. Watu walidhani ni busara.

Mwaka wa 1982 kitinda mimba wake, Mbinya, akiwa na miaka saba, aliamka magoti yamevimba. Vidole vikafuata, halafu viganja vikagoma kukunjuka. Majirani walisema ni ugonjwa wa wazee na wakashangaa mtoto ameutoa wapi. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, viungo vikiwa vimekaza usiku kucha. Kalunde, mke wa Nzioka, alimbeba mgongoni hadi chooni, mtoto akilia kwenda na akilia kurudi. Wakati huo Nzioka alikuwa ameshafika sokoni kufungua cherehani.

Hospitalini waliambiwa ni baridi yabisi, ile inayoshika watoto. Walianza na aspirini, nyingi kwa siku, mpaka Mbinya akasema anasikia nyuki kichwani na hataki tena chakula. Ndipo wakapewa vidonge vidogo vyeupe. Mtoa dawa alisema wavitumie wiki sita, kisha warudi kuonwa.

Wiki ya pili Mbinya alikimbiza kuku uani. Kalunde aliketi chini akalia kwa furaha, na yule kuku akapona kwa bahati tu. Wiki sita zilipokwisha hawakurudi. Mtoto anakimbiza kuku, utarudi hospitali kusema nini? Nzioka alichukua ile karatasi ya dawa hadi mji mdogo wa Salama, kwa Ndululu mwenye duka la dawa, na Ndululu akaisoma na kumwuzia. Aliendelea kuisoma karatasi hiyo hiyo kwa miaka miwili, mpaka ikachanika kwenye mikunjo na ikabidi aishike kwa mikono miwili.

Mbinya akanenepa. Mashavu yalijaa, yakawa ya duara, yakang'aa. Ukaja mwaka wa 1984, mwaka wa njaa na mahindi ya manjano, ambapo hata mbwa walikuwa wanatembea kwa kupanga hatua, na katika lokesheni nzima mashavu yalibaki mawili, yote ya Mbinya. Kamati ya chakula cha msaada ilimtazama mtoto, ikatazamana, ikafuta jina la Nzioka kwenye orodha. Kalunde alijaribu kueleza kwamba ni dawa. Mwenye kalamu alimwambia ampe basi hiyo dawa na yeye.

Kanisani mambo yalikuwa mazuri zaidi. Pasta Jonah alimwita Mbinya mbele siku ya ushuhuda.

"Huyu mtoto alikuwa anabebwa kama gunia," Pasta Jonah akasema. "Leo muangalie hiyo afya! Mbinya, ambia kanisa Bwana amekutendea nini."

"Bwana asifiwe," Mbinya akasema. "Mimi nameza vidonge, asubuhi na jioni. Asanteni."

Akarudi kuketi. Kanisa lilisema amina, lakini si kwa nguvu ile ambayo lilikuwa limeitayarisha.

Januari 1985 Nzioka alishusha pindo za watoto wa watu kwa wiki nzima, na Jumamosi jioni akakumbuka gauni la mwanawe. Kalunde alilitoa sandukuni. Lilikuwa limetanuliwa ubavuni mara mbili. Nzioka akashika wembe, akapiga goti mbele ya mtoto, akanyoosha tepu. Akapima tena. Akafungua daftari lake la vipimo, akatafuta Januari 1983. Upindo ulikuwa haujawahi kufumuliwa. Ulikuwa inchi nne kamili kama alivyoukunja, na uzi ulikuwa ule ule wa kwanza. Mtoto alikuwa ameongezeka kila upande isipokuwa juu.

Hofu ilimshika pale alipopiga goti. Alijiuliza imekuwaje fundi anayejua kimo cha watoto wa tarafa nzima asijue cha wake. Aliutia wembe kwenye mfuko wa shati, akasema gauni liko sawa.

Kisha akafanya kosa la fundi. Fundi akiona mshono umeenda kombo, huufumua. Nzioka alichukua chupa ya vidonge, akaitupa chooni, na hakumwambia mtu.

Siku ya tatu Mbinya alitapika. Siku ya nne hakuweza kuinua kichwa, mwili baridi, macho yamemlegea. Mbuvi mwenye bucha aliwapeleka Machakos kwa pikapu yake, nyama ikabaki ikining'inia bila mwenyewe. Njiani Nzioka alimwambia Kalunde alichokifanya. Kalunde alimgeuzia kisogo hadi hospitalini, na ni mbali.

Walimpata daktari mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtoto alipowekewa maji na dawa na rangi ikamrudia, daktari aliwaketisha kwenye benchi nje ya wodi.

"Mwili hutengeneza dawa kama hii wenyewe, kidogo kidogo," alisema. "Nyinyi mmeuletea kutoka dukani miaka miwili, ukaacha kutengeneza. Halafu siku moja mkafunga duka."

"Ni mimi nilifunga," Nzioka akasema.

"Usirudie. Hii hupunguzwa polepole, kwa miezi."

Akawaeleza njia mbili. Wangeweza kuendelea na vidonge. Mtoto angetembea bila maumivu, lakini hangeongezeka kimo, na mifupa ingeanza kulegea. Au wavipunguze kidogo kidogo, waanze sindano ya kila wiki, dawa iliyo na dhahabu ndani yake. Hiyo haina haraka. Huchukua miezi minne, pengine sita, kabla haijafanya kazi, na kwa watoto wengine haifanyi kabisa. Katikati hapo maumivu yangerudi.

"Yatarudi kiasi gani?" Kalunde akauliza.

"Sitawadanganya. Sana."

"Na wewe ungefanya nini, daktari?" Nzioka akauliza.

"Ningechagua sindano," akasema. "Lakini si mimi nitaamka naye asubuhi. Ongeeni, nitarudi."

Wakaachwa na benchi lao. Nzioka alianza kueleza habari ya upindo, inchi nne, uzi ule ule. Kalunde alimwacha amalize.

"Baba Mbinya, wewe unaona nguo," akasema. "Mimi naona choo. Mwaka mzima nilimbeba huyu mtoto akinililia hapa kwa shingo, na wewe uko soko unashonea watu suruali. Unarudi jioni, anacheka, unasema leo ni afadhali. Wewe hujawahi kuona asubuhi hata moja. Sasa unataka nirudi huko, na pengine ni bure?"

Nzioka hakuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuwa na kisingizio.

"Nitambeba mimi," akasema.

"Utambeba siku mbili."

"Nitambeba, Mama Mbinya."

"Na cherehani?"

"Itangoja."

Kalunde alifuta uso kwa ncha ya leso. "Hayo mashavu, nilijua si ya kweli," akasema. "Lakini niliyapenda."

"Hata mimi," Nzioka akasema. Daktari aliporudi, Kalunde ndiye aliyesema wamechagua sindano.

Habari zilifika Mbumbuni kabla yao. Ilisemekana Nzioka anamdunga mtoto dhahabu, na wanaume waliokuwa hawamsalimii walianza kumsalimia. Ndululu alitaka kujua kama hiyo dhahabu huuzwa kwa gramu. Kila Jumatano Kalunde alimpeleka Mbinya kwenye hospitali ya misheni, akapimwa mkojo, akadungwa, akarudi akiwa hajabadilika.

Kufikia mwisho wa Machi vidonge vilikuwa vimepungua na maumivu yamerudi. Nzioka alimbeba. Alimbeba kwenda chooni, akambeba kurudi, akampakata huku Kalunde akimkanda kwa maji ya moto, kisha akambeba hadi shule, akipita katikati ya soko na begi la vitabu likimpiga tumboni.

"Fundi, huo mzigo unapeleka wapi?" Mbuvi alimwuliza siku ya kwanza, watu wakacheka.

"Darasa la tatu," Nzioka akasema, akapita.

Alijifunza kwamba mtoto akilia akiwa mgongoni mwako, kilio hakiingii kwa masikio tu, unakisikia mbavuni. Alijifunza pia kwamba mkewe alikuwa amekisikia mwaka mzima na asubuhi hiyo hiyo akaenda kulima. Alikuwa na hasira na daktari, na dhahabu, na Kalunde kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mara moja, mwezi wa Mei, baada ya asubuhi moja ambayo hakupenda kuisimulia hata baadaye, alifika mpaka kwenye mlango wa Ndululu kule Salama. Ndululu alianza kufungasha vidonge bila kuulizwa. Nzioka alinunua mafuta ya kuchua tu, akarudi nyumbani.

Mashavu yakaisha. Kanisani walimwombea Mbinya kwa wasiwasi, na Pasta Jonah hakumwita tena mbele. Kamati ya chakula ilimwona, ikasikitika, ikarudisha jina la Nzioka kwenye orodha. Mvua ilikuwa imeshanyesha na chakula cha msaada kimekwisha, lakini jina lilirudishwa.

Tepu ilikuwa shingoni mwa Nzioka kutwa nzima na hakumpima mtoto. Kila asubuhi alisema kesho. Aliogopa asije akakuta namba ile ile, akajua kwamba mateso yote haya amemletea mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, bure. Kwa hiyo alipima watoto wengine.

Jioni Mbinya alirudi kutoka shuleni kwa miguu yake, maana kufikia mchana viungo vilikuwa vimelegea, na viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Asubuhi, akiwa mgongoni na miguu ikining'inia mbele, vile viatu vilimpaka baba yake vumbi mapajani. Ilikuwa suruali moja ya kazi, yenye kiraka paja la kulia, mahali alipowahi kuiunguza kwa pasi ya makaa. Kalunde alinung'unika kila Jumamosi akiifua. Nzioka alizoea kuketi kwenye cherehani, kupangusa vumbi kwenye kiraka, na kuanza kazi.

Kufikia Agosti kulikuwa na asubuhi ambazo Mbinya hakulia. Hawakuzungumza juu yazo, wasije wakaziharibu.

Asubuhi moja ya Septemba Nzioka aliketi, akapangusa kiraka kwa mkono bila kutazama, na mkono haukutoa kitu. Akainamisha kichwa. Kiraka kilikuwa safi. Vumbi lilikuwa chini yake, vidole viwili chini ya mshono, paja hili na lile. Alilitazama mpaka mama aliyeleta blauzi akamwuliza kama anaumwa. Siku hiyo alitembea sokoni akipishana na watu kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maziwa, na hakumruhusu mtu yeyote amguse mguu.

Nyumbani alisimama mbele ya Kalunde, akamwonyesha paja kwa kidole.

"Angalia hapa viatu vyake vinapofika leo. Na kiraka kiko hapa."

Kalunde aliangalia. "Labda umepinda mgongo," akasema.

"Labda."

"Umezeeka, unamshika chini."

"Inawezekana."

Kalunde aliendelea kuangalia lile vumbi. Kisha akamwita Mbinya, aliyekuwa amevua gauni na kuvaa nguo ya nyumbani, akamwambia alivae tena.

"Mwaitu, nimekosa nini?" Mbinya akamwuliza mama yake.

"Hujakosa kitu. Simama wima. Geuka. Wima, nimesema."

Gauni lililokuwa likifunika magoti sasa liliyaacha wazi yote mawili, la kushoto likiwa bado limevimba kidogo. Kalunde alipiga goti, akashika upindo kwa vidole vyake viwili, akaushika kwa muda mrefu. Hakugeuka kumtazama mumewe, kwa sababu hakutaka amwone uso.

"Leta wembe," akasema.

Nzioka hakwenda kokote. Ulikuwa mfukoni mwa shati lake tangu Januari.