Korongo Nyuma ya Jiko la Shangazi

Kazi yangu ni kupima jinsi milima inavyolika. Mwaka ule nilikuwa nimetoka kwenye milima ambayo zamani ilifunikwa na barafu. Tulichota mchanga wa mito yake tukaupeleka maabara, kwa sababu chembe zake huonyesha mwamba ulikaa karibu na uso wa nchi kwa muda gani. Kule, mwamba wenye unene wa kimo cha mtu huchukua maelfu ya miaka kulika.

Kisha nikaenda Tinde kumsalimia shangazi yangu, mjane. Nilimkuta akifunga mbuzi mbele ya nyumba.

"Shikamoo, shangazi. Mbona mbuzi wako huku?"

"Marahaba. Huko nyuma kumeliwa. Usisogee ukingoni."

Njia ya ng'ombe niliyoijua utotoni ilikuwa imegeuka korongo lenye kuta wima. Mizizi ya mwarobaini ilining'inia hewani. Kati ya ukingo na jiko lilibaki kaburi la mume wake tu.

Nilipigilia vipande vya nondo kutoka ukingoni hadi jikoni ili nijue korongo linasogea kwa kasi gani. Nikamwomba ahame.

"Na mzee nimwachie nani?" akaniuliza. Nikarudi kazini, yeye akabaki.

Mvua zilipokolea akanipigia simu. "Njoo. Ardhi inanguruma."

Nilifika mchana, jua likiwaka. Nondo za mbele zilikuwa zimekwenda na udongo. Ufa ulikuwa umepita chini ya kaburi, na kila baada ya muda tulisikia bonge likidondoka kule chini. Ukoo ukakubaliana kumhamisha marehemu siku hiyohiyo. Wanaume walichimba taratibu, kila mmoja akiangalia anapokanyaga. Tulimzika upya kwenye mwinuko wenye mawe, shangazi akiwa ameshika kanga yake mdomoni. Wiki hiyo jiko likaanguka korongoni.

Sasa anaishi Kahama kwa mwanawe. Nilipomtembelea alinishika mkono akanipeleka uani. Maji ya mvua kutoka mabati ya majirani yalikuwa yamechora mfereji mwembamba kuelekea msingi wa nyumba.

"Huu nao?" akauliza.

"Tutapanda nyasi, shangazi. Tutaweka mawe."

Upande wa magharibi wingu lilikuwa linajikusanya, shangazi akaingia ndani kumwambia mwanawe atafute mawe leo, si kesho.